Pemba kwa daladala: jinsi ya kusafiri mwenyewe na kula kwa saa za wenyeji

Wengi wanaokwenda Pemba kwa mara ya kwanza huidhania Unguja yenye watu wachache. Wanashuka Mkoani saa tisa alasiri na njaa yao, wanatafuta mgahawa wenye menyu, hawauoni, wanaishia kwenye biskuti na soda, kisha wanarudi kwao wakitangaza kwamba Pemba hakuna chakula. Chakula kipo, tena kizuri. Ila kisiwa hiki hupika kwa saa na huvua kwa mwezi. Ukijua sufuria inaepuliwa saa ngapi na maji yanatoka siku gani, utakula vizuri kwa pesa kidogo na utafika karibu kila mahali bila kukodi gari. Usipojua, pesa peke yake haitakusaidia sana.

Maelezo haya ni ya mtu anayejipanga mwenyewe: hana wakala wa utalii, begi lake analibeba, analala gesti ya mjini na anapanda gari wanalopanda watu.

Hati, pesa na majira

Mtanzania achukue kitambulisho cha NIDA au kingine chenye picha. Tiketi ya boti huandikwa kwa jina, na jina hilo lifanane na la kitambulisho. Usione ni usumbufu. Meli ya Spice Islander ilizama Septemba 2011 ikielekea Pemba, imejaza watu kupita kiasi, na hesabu ya waliokuwemo haikuwahi kujulikana kwa uhakika. Ukiambiwa chombo kimejaa, kimejaa. Usimtafute kijana wa kukupitisha pembeni.

Asiye Mtanzania ataulizwa pasipoti anapoingia Zanzibar hata kama ametokea Dar es Salaam, kwa hiyo isizikwe chini ya nguo. Aangalie pia mapema bima ya safari ya lazima ambayo Zanzibar ilianza kuwatoza wageni wa nje tarehe 1 Oktoba 2024. Hulipwa kwa njia ya mtandao kabla ya kufika, na bima uliyonunua kwenu haichukui nafasi yake.

Pesa taslimu ndiyo itakayokutembeza. Mashine za kutolea pesa ziko katika miji mikubwa, na Chake Chake ndipo pa kutegemewa zaidi. Mawakala wa pesa za simu wametapakaa, lakini wakala wa kijijini mara nyingi hana fedha za kukutolea kiasi kikubwa. Toka Chake na noti za 1,000, 2,000 na 5,000 za kutosha siku mbili. Muuza maandazi hawezi kukuvunjia 10,000 saa kumi na mbili asubuhi, na ukimlazimisha utamkosesha wateja wengine.

Kuhusu majira: Desemba hadi Februari ni kaskazi, joto kali na bahari mara nyingi imetulia. Masika, Machi hadi Mei, mvua hunyesha kwelikweli, kwani Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja, na njia za udongo huwa tope. Juni hadi Septemba ni kusi: hewa nzuri, usiku wa kulala bila feni, lakini mawimbi ya mkondo wa kuvukia Pemba si ya mchezo. Anayeogopa bahari achague kaskazi, anayeogopa joto achague kusi.

Kisha kuna Ramadhani. Mchana mikahawa hufungwa, na kula au kunywa hadharani kunaweza kukuingiza matatani hata na polisi, uwe Mwislamu au usiwe. Ukienda mwezi huo, nunua vyako jioni na ule chumbani. Kwa upande mwingine, futari ya Pemba inastahili safari: muhogo, majimbi, ndizi mbichi na viazi vikuu vya nazi, tambi za sukari, uji wa pilipili manga. Mgeni akikutwa barazani wakati wa adhana ya magharibi ni nadra aachwe apite.

Nguo: mabega na magoti yafunikwe, kwa wanaume na wanawake, popote palipo na nyumba. Mtandio mwepesi kwa mwanamke hufanya kazi tatu, kwenye jua, kwenye vumbi la daladala na kijijini.

Kuvuka

Njia ya kawaida ni Dar es Salaam hadi Unguja kwa boti ya kasi, kama saa mbili, kisha Unguja hadi Pemba. Vyombo vya Pemba huondoka bandari ya Malindi, mjini Unguja, na vingi hushukia Mkoani, kusini mwa kisiwa. Kuna boti ya kasi na kuna meli ya magari inayotembea usiku. Hazisafiri kila siku na ratiba hubadilika, kwa hiyo usikate tiketi ya Dar kabla hujapiga simu au kupita ofisini kuuliza siku ya Pemba. Anayetokea Tanga, au Mombasa kwa njia ya Lungalunga na Horohoro, aulize Tanga kwenyewe. Baadhi ya siku chombo hukata moja kwa moja, na hapo unaokoa mzunguko mrefu wa Dar. Ndege ndogo hutua uwanja wa Karume, jirani na Chake, na mara nyingi huruhusu mzigo wa kilo 15 tu katika begi laini.

Usipande jahazi la mizigo kwa sababu limekuwa rahisi. Halina maboya ya kutosha, na mkondo wa Pemba ni bahari ya kina kirefu.

Kichefuchefu huanza chombo kinapoiacha Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, nyuma na kukosa kivuli cha kisiwa. Kaa katikati au nyuma, sakafu ya chini, kwa sababu pua ya chombo ndiyo inayopanda na kushuka zaidi. Dawa ya kuzuia kutapika inywe nusu saa hadi saa moja kabla ya kung'oa nanga. Ukiingoja hali ianze umechelewa. Kula kitu kikavu, boflo (mkate) au muhogo wa kuchemsha, si chai ya maziwa na sambusa za mafuta. Tumbo tupu nalo hutapika, tena vibaya zaidi.

Daladala

Kisiwa kina urefu wa kama kilomita 67 na uti wake wa mgongo ni barabara moja: Mkoani kusini, Chake Chake katikati, Wete kaskazini magharibi, Konde kaskazini. Mkoani hadi Chake ni kama kilomita 30, na Chake hadi Wete vivyo hivyo. Shika namba tatu: 603 ni Chake na Mkoani, 606 ni Chake na Wete, 602 ni Chake na Konde. Gari nyingi ni malori madogo yaliyopigwa paa na mabenchi yanayotazamana.

Boti ikifika Mkoani, magari huwa yanasubiri na hujaa kwa dakika chache. Ukibaki kupiga picha gatini utasubiri gari lijae upya, na bila boti nyingine kulijaza huchukua muda. Begi hupandishwa juu. Vitu vya kuvunjika, simu na halua kaa navyo. Uliza nauli kwa abiria mwenzako kabla hujamuuliza konda, ulipe unaposhuka, na unapotaka kushuka sema "shusha" kwa sauti inayofika mbele.

Magari huanza baada ya alfajiri na hupungua sana jua likielekea kuzama. Hapa ndipo wageni wengi hukwama: wanakwenda Konde asubuhi, wanazama baharini hadi saa kumi na moja, wanatoka hawana gari. Uwe kituoni Konde kabla ya saa kumi alasiri. Ikikushinda, bodaboda hadi Wete ni karibu zaidi na rahisi zaidi kuliko ya kurudi Chake.

Pa kulala? Chake ndipo njia zote zinapokutana, lakini Wete ndipo mtu mwenye hamu ya kula anapostarehe. Kwa siku nne, gawa mbili kwa mbili. Ukitaka kulala kijijini kwa mtu, au kupiga hema ufukweni, anza kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo hilo (shehia). Mwenyeji wako mwenyewe atataka ufanye hivyo, na ukimruka sheha anayepata tabu ni mwenyeji huyo.

Na kabla ya swali lolote, salamu. "Asalaam alaikum," kisha "shikamoo" kwa mkubwa, kisha hali, kisha ndipo nauli au bei. Mwanamke wa makamo mwite bi mkubwa au mama, mwanamume mzee mwite mzee au sheikh. Mtu aliyeanza na "hii shilingi ngapi?" hupewa bei ya haraka yake.

Saa za chakula

Saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi ndipo Pemba inapokula nje. Kuna maandazi, chapati, vitumbua, mkate wa kumimina, muhogo au ndizi za kuchemsha na dagaa wa kukaanga, na chai ya mchaichai au tangawizi. Mkate wa kumimina mzuri una matundu juu na harufu ya iliki, na chini umegeuka rangi ya dhahabu. Uliokaa hukauka kingo, na saa tatu asubuhi umebaki huo tu.

Saa saba hadi saa nane na nusu ni wali. Mkahawa wa kawaida hupika sufuria moja ya wali, mchuzi wa samaki au maharage ya nazi, na mboga, basi. Usiulize "kuna nini?" ukiwa mlangoni, angalia watu wanakula nini, sema "na mimi." Ikifika saa tisa sufuria zimeoshwa. Kama boti yako inafika muda huo, pita sokoni Unguja ununue boflo na ndizi kabla ya kupanda.

Kuanzia saa kumi na moja jioni hadi kama saa tatu usiku, mabanda huwasha moto Chake na Wete: mishikaki, pweza, samaki wa kukaanga, chipsi, urojo. Baada ya hapo mji umelala. Pombe mitaani haipo, usijisumbue kuuliza.

Gesti nyingi hupika chakula cha usiku, lakini kwa kuagiza. Agiza asubuhi, kabla mpishi hajaenda sokoni, na uagize kwa vipimo: "samaki mzima wa watu wawili, kama kilo moja, wa kupaka nazi, wali wa vikombe viwili, mchicha, saa moja na nusu usiku." Ukisema tu "nitakula jioni" utapata kuku wa kukaanga na chipsi, kwa kuwa wanadhani ndicho wageni wanachotaka. Uliza bei hapo hapo na uache sehemu ya fedha ya sokoni.

Vya kutafuta

Chukuchuku ni kipimo cha mkahawa. Ni samaki, maji, chumvi, ndimu, pilipili na tungule (nyanya) kidogo, hakuna bizari ya kuficha samaki wa jana. Kama chukuchuku ni nzuri, kula pale kila siku.

Urojo huchanganya kwa sababu una vitu vingi katika bakuli moja: rojo la unga lenye manjano na uchachu wa ukwaju au embe mbichi, viazi, bajia, kachori, chatine ya nazi, chipsi za muhogo, na ukitaka yai au mshikaki. Mwambie muuzaji pilipili aiweke pembeni, uonje rojo kwanza, kisha uongeze. Likiwa zito kama uji limekaa motoni muda mrefu. Linatakiwa litiririke kwenye kijiko.

Halua ya Wete ina sifa yake, na sifa hiyo ni ya haki. Asili yake ni Oman, na Wapemba waishio Maskati nao wana ubishi wao juu ya ipi bora. Ni sukari, wanga, samli, iliki na zafarani, hukorogwa kwa saa nyingi bila kuachwa. Omba uonje kabla ya kupimiwa. Halua nzuri hung'aa, huvutika, haina vumbivumbi la wanga mdomoni na haiachi dimbwi la mafuta chini ya chombo. Haihitaji friji, ukiiweka huko huwa ngumu. Iliwe kidogo kidogo na kahawa chungu ya barazani. Wanaoila kwa kijiko kikubwa huishia kudai eti ni tamu mno.

Matunda fuata msimu na usidai: shokishoki, doriani, mabungo, maembe, fenesi. Doriani usiingie nalo gesti wala ndani ya daladala.

Samaki na mwezi

Wavuvi huhesabu kwa mwezi wa Kiislamu, na wewe ufanye hivyo. Siku za mwandamo na za mwezi mpevu, yaani karibu tarehe 1 hadi 3 na 14 hadi 17, ni bamvua. Maji hutoka mbali sana, kupwa kukubwa kukiangukia kama saa nne na saa tano asubuhi, na wanawake huenda miambani na vijiti vyao kutafuta pweza. Siku hizo pweza ni wengi na bei hushuka. Katikati ya hapo, karibu tarehe 7 hadi 9 na 21 hadi 24, ni maji mafu: pweza hupungua na bei hupanda. Dagaa wana kanuni yao: huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu usiwatafute wabichi.

Soko kubwa la samaki kaskazini ni Tumbe. Panda 602, mwambie konda akushushe njia ya Tumbe, ufike asubuhi vyombo vinaporudi. Samaki huuzwa kwa mnada mafungu mafungu. Mgeni anayetaka mmoja amngoje mchuuzi aliyeshinda mnada, anunue kwake kwa faida ndogo. Kupandisha bei mwenyewe katikati ya mnada wa watu huwaudhi wote.

Angalia macho yaliyojaa na kung'aa, mashavu mekundu, nyama inayorudi ukiibonyeza. Jodari, nguru na vibua wanataka uangalifu zaidi: wakikaa juani bila barafu nyama yao hutengeneza sumu ambayo kupika hakuiondoi. Dalili ni ulimi kuwasha kama pilipili, uso kuwa mwekundu, moyo kwenda mbio, mara nyingi ndani ya saa moja. Baada ya saa nne asubuhi, kama hakuna barafu, nunua changu au pono, si jodari.

Viwili usile kabisa. Bunju, yule samaki anayejivimbisha, sumu yake huua. Na nyama ya kasa: Machi 2024 katika Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, watoto 8 na mtu mzima 1 walikufa baada ya kuila, na Novemba 2021 watu 7 walikufa Pemba kwa nyama hiyo hiyo. Haina dalili kwa macho wala kwa harufu, moto hauiondoi sumu, dawa yake haipo, na kumvua kasa ni kosa la jinai. Ukikaribishwa nayo, kataa kwa adabu lakini kataa.

Pweza wa nazi, kwa watu watatu au wanne

Gesti nyingi zitakuruhusu utumie seredani ukileta mkaa wako, au mpishi atakupikia kwa malipo. Nunua pweza wa kilo moja na nusu. Motoni atapungua karibu nusu, na hilo ndilo linalowafanya wageni wanunue kidogo.

Geuza kichwa, toa matumbo, mfuko wa wino, macho na ule mdomo mgumu ulio katikati ya mikono. Msugue na konzi ya chumvi hadi utelezi uishe, ukizingatia vile vikombe vya mikononi maana ndimo mchanga unamojificha, kisha suuza mara tatu. Kama ni mbichi kabisa mpige kwa mchi mikono yote hadi alegee. Aliyetoka kwenye friza hana haja, barafu imeshafanya kazi hiyo.

Mweke kwenye sufuria bila maji, funika, moto mdogo. Atatoa maji yake mwenyewe, mekundu. Muda ni dakika 45 hadi 60. Ukichoma kisu penye unene karibu na kichwa kipite bila kuvutana. Kwenye dakika ya 25 huwa mgumu kama raba, na hapo ndipo wengi hukata tamaa na kumwepua, mwache aendelee. Akikauka ongeza nusu kikombe cha maji ya moto. Chumvi usitie, ana yake. Akiiva mkate vipande na uhifadhi nusu kikombe cha maji yake.

Nazi mbili zilizokomaa zikunwe kwenye mbuzi bila kufika kwenye ganda la ndani, maana ule ukahawia hulifanya tui kuwa jeusi. Kamua kwa kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu upate tui zito, liweke kando. Kamua tena kwa vikombe viwili upate tui jepesi.

Kaanga vitunguu maji viwili kwa vijiko viwili vya mafuta hadi vilainike. Tia chembe tano za thomu (kitunguu saumu) na kidole cha tangawizi vilivyopondwa, nusu kijiko cha chai cha manjano, kijiko kimoja cha chai cha bizari nzima (ya pilau) iliyosagwa, kisha tungule tatu. Pika hadi mafuta yajitenge, kama dakika 10. Ukiharakisha hapa mchuzi utanuka bizari mbichi hadi mwisho. Mimina tui jepesi na maji ya pweza, uchemke, tia vipande, dakika 10. Punguza moto, tia tui zito, koroga bila kuacha na bila kufunika dakika 5 hadi 7. Onja, sasa ndipo uamue kama chumvi inahitajika. Epua, kisha kamulia ndimu moja.

Tui likikatika na kuwa chembechembe, sababu ni moto mkali au ndimu iliyoingia ikiwa bado jikoni. Linalika, ila halipendezi. Kula na wali, au na muhogo wa kuchemsha ambao kwa maoni yetu hubeba mchuzi huu vizuri zaidi.

Safari za siku moja

Ngezi na Vumawimbi: 602 hadi Konde, kisha bodaboda au baiskeli. Lipa kiingilio getini mwa msitu na uchukue mwongoza njia, kwa sababu bila yeye utapita chini ya mpapindi, mti mwembamba wa jamii ya mnazi unaoota Pemba peke yake, bila kujua. Ufukwe wa Vumawimbi hauna duka wala maji. Beba lita mbili kwa kila mtu na chakula kutoka Konde. Patana na bodaboda akufuate saa tisa, na ulipe nusu tu mwanzoni.

Popo wa Pemba, wale wakubwa wenye sura ya mbweha, wako Kidike, nje ya barabara ya zamani ya Chake na Wete. Nenda alasiri kuelekea jioni wanapoanza kuchangamka. Magofu ya Pujini, kusini mashariki mwa Chake, yanatosha kwa asubuhi ya baiskeli.

Kisiwa kidogo cha Misali kinataka mipango. Boti hukodishwa Wesha, bandari ya Chake, na bei ni ya chombo, si ya mtu, kwa hiyo tafuta wenzako watatu au wanne usiku uliotangulia. Kisiwa ni hifadhi na kina kiingilio. Uliza kama kimo ndani ya bei. Siku za bamvua toka mapema, maji yakiwa bado yapo, la sivyo utatembea kwenye tope hadi magotini kufuata boti. Kwa kuzamia na miwani, maji mafu ni bora: mikondo ni midogo na maji ni angavu zaidi. Vaa viatu vya mpira miambani. Maji ya kunywa yatoke Chake.

Usioge kwenye vijito na mabwawa ya ndani ya kisiwa hata yakipendeza vipi, kichocho kipo. Maji ya chumvi hayana tatizo hilo. Malaria imepungua sana Zanzibar lakini haijaisha, kwa hiyo chandarua kishushwe.

Karafuu na kurudi

Msimu wa mavuno utakuta karafuu zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara. Usizikanyage, na uombe kabla ya kupiga picha. Karafuu ghafi kisheria hununuliwa na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, peke yake, na serikali hufuatilia magendo kwa ukali. Mfuko ulionunua kwa mtu njiani utakuletea maswali bandarini. Ukitaka za nyumbani, nunua pakiti za dukani au mafuta ya makonyo, na uishike risiti. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, kwa hiyo beba kikapu. Cha ukili hununuliwa hapo hapo sokoni.

Tiketi ya kurudi ikate siku unayofika, hasa karibu na sikukuu za Idd, wakati Wapemba wa Dar na Unguja wanapojaza kila chombo. Kusi likizidi, vyombo huzuiwa kutoka. Weka siku moja ya akiba kati ya boti yako na ndege au basi la bara, na siku ya kuondoka uwe Mkoani saa moja na nusu kabla ya muda, maana 603 husimama kila kijiji na ukaguzi wa mizigo una foleni yake.